Nyota Yenye Majirani

Watu wakisikia kwamba nilisomea nyota, kwanza hunitazama machoni wakitafuta dalili za kukesha. Huwa nawaharibia hadithi mapema: mimi hulala saa nne, na mume wangu ni shahidi. Nyota zangu nilizipima mchana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, katika chumba cha walimu cha chuo kimoja katikati ya jiji, nikiwa nimevua viatu chini ya meza na chai imepoa kando ya kompyuta. Picha zilipigwa na darubini iliyo mbali, kusini kabisa mwa bara, mahali pakavu ambapo mawingu hayana tabia ya kuja bila kualikwa kama haya yetu ya Nairobi. Zilinifikia kwa mtandao, mamia kwa mamia. Kazi yangu ilikuwa kuzitazama moja baada ya nyingine nikiuliza swali lile lile: nyota hii leo inang'aa kiasi gani, na jana je, na juzi je?

Kuna nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka, nyingine kwa saa chache, nyingine kwa miezi. Vitabuni zina jina la heshima, lakini mimi na msimamizi wangu tulikuwa tukiziita vigeugeu. Kigeugeu akiwa peke yake angani, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kumpima. Unachora kaduara kumzunguka, unajumlisha mwangaza wote ulio ndani, unatoa ule wa anga tupu, kazi imekwisha. Shida ni kwamba wangu waliishi ndani ya kishada cha maelfu ya nyota zilizobanana. Hazikukaa kama nyumba za Spring Valley, kila moja na ua wake na lango lake. Zilikaa kama vyumba vya kupanga kule kwetu Waithaka, ukuta kwa ukuta, ambapo jirani akikaanga vitunguu ni wewe unayetokwa na machozi. Ukichora kaduara kuzunguka nyota moja, mwangaza wa jirani unaingia humo bila kubisha hodi.

Iko njia bora. Unaifundisha kompyuta umbo la nyota moja iliyo peke yake, jinsi mwangaza wake unavyotawanyika kwenye picha, kisha unaiambia izilinganishe nyota zote kwa pamoja na kuwaondoa majirani mmoja mmoja, hadi ubaki na yule unayemtaka. Njia hiyo inataka subira, na mimi subira niligawiwa kwa kijiko cha chai. Nilianza shahada ya pili nikiwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili, na vipindi vya fizikia asubuhi hadi mchana. Nilitumia kaduara.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi kama babake alivyozaliwa Nairobi, akafundisha chuo kikuu hadi akastaafu, halafu akakataa kuacha kazi. Sote tulimwita Prof. Nyumbani kwake Spring Valley palikuwa na meza ya kulia ya watu kumi na wawili ambayo, kwa ninavyojua, hakuna aliyekula chakula juu yake tangu mumewe afariki. Ilijaa karatasi, rula, penseli zilizochongwa vizuri, na bakuli la chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi vyenye pilipili, ambalo halikuisha wala halikuonekana likijazwa.

Alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake wote tuliijua na wengi wetu tuliichukia. Kabla hujafungua mdomo kusema lolote kuhusu nyota, sharti uwajulishe majirani. Maana yake ni kwamba uichapishe picha ya nyota yako ikiwa kubwa, uketi na penseli, na kando ya kila doti iliyo karibu uandike ni nani huyo: nambari yake kwenye orodha, anang'aa kiasi gani, ana sifa gani. Kwa mkono. Prof alisema zamani watu wakitaka kuoa walipeleleza boma la msichana na maboma ya pande zote mbili, na yeye hakuona kwa nini nyota ipewe heshima ndogo kuliko bibi harusi. Mimi niliona ni kupoteza wakati tu. Orodha zote zilikuwa kwenye kompyuta; penseli ya nini?

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Nairobi ambayo huingia hata kwenye kalamu ikakataa kuandika. Nilikuwa nimepima picha za wiki tatu, na nikaiambia kompyuta inichoree mwangaza wa nyota moja ambayo sikuwa na habari nayo yoyote. Mchoro ukajitokeza. Mwangaza ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kidogo lakini kwa mpangilio, kama mtu anayepumua. Nikatafuta mahali pake kwenye orodha ya vigeugeu wote wanaojulikana katika kishada kile. Jibu likaja kwamba hapo hakuna kitu. Nikatafuta tena. Hakuna. Nikasimama bila viatu nikacheza hatua mbili tatu, hata mwalimu wa kemia akaniuliza kama viza imetoka.

Mtu mwenye akili angempigia Prof simu. Mimi nilimpigia Mama.

Hapa inanibidi nieleze jambo kuhusu Mama na majina. Mama anaishi Waithaka, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu Baba, pamoja na ng'ombe wawili, ukanda wa nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, na vyumba sita vya kupanga. Kwetu watoto hupewa majina ya wazee kwa mpango maalum, na mpango huo haubadilishwi kwa sababu eti umependa jina la mtu wa runinga. Mimi nilipewa jina la mamake Mama, kwa kuwa la mamake Baba lilibebwa na dada aliyefariki akiwa mchanga, ndiyo sababu hadi leo huniita maitu, yaani mama yangu. Ni ajabu kukaripiwa na mtu anayekuita mamake, lakini nimezoea. Mzee aliyepata mjukuu wa jina lake huhesabiwa kwamba amezaliwa upya. Anakuwa na mtu wa kumnunulia viatu na kumsifu kanisani.

Sasa, jina la Mama lilipaswa kubebwa na binti wa kwanza wa kaka yangu, au binti wangu wa pili. Kaka yangu alipata wavulana watatu akafunga duka. Mimi nilipata wawili nikafunga langu. Mama akabaki na wajukuu watano, wote wa kiume, wote wazuri, na jina lake halina mtu. Alikuwa akilifanyia mzaha, anasema tumemletea timu ya mpira na hatukumwachia hata wa kuosha jezi. Lakini nimekuwapo kwake kikundi cha wanawake wa kanisa kilipokutana, na nimeona kwamba mazungumzo yakifika kwa wajukuu wenye majina yao, Mama huinuka kwenda kuangalia chai ambayo haijawekwa jikoni.

Basi nikamwambia kwa simu kwamba nimepata nyota ambayo hakuna mtu mwingine duniani anajua kwamba inabadilika. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na nani hupeana hayo majina?" akauliza.

"Mwenye ameipata," nikasema. "Nitaipatia lako."

Upande wa pili nikasikia ng'ombe mmoja akilalamika. Kisha Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo siisikii mara nyingi, "Maitu, usicheze na mimi na hiyo maneno."

Nikamwambia sichezi. Kusema kweli nilikuwa nikicheza nusu. Nilijua vizuri kwamba vigeugeu wa vishadani hawapewi majina ya watu. Hupewa herufi na nambari, kama namba ya gari. Lakini furaha ilinipanda kichwani, na mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Nilifikiri atalisahau.

Jumapili hiyo kikundi kizima kilijua. Jumanne Mama akanipigia kunipasha habari kwamba wanawake wameamua kuja kumwona mtoto, Jumamosi ya wiki ya tatu. Hiyo ni desturi yao: mtoto akizaliwa kwa mwanachama au kwa binti ya mwanachama, huenda wote wakiwa wamebeba unga wa uji, sukari, ndizi za kupika na blanketi, wakiimba kuanzia langoni. Nikamuuliza ni mtoto gani.

"Ile nyota," akasema Mama, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa.

Nilicheka hadi mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani kuona kuna nini. Nilimwambia kwamba kuna akina mama kumi na wawili wanaoletea nyota unga wa uji. Tukacheka pamoja, na tuliendelea kucheka kwa vipindi wiki nzima, kila mmoja akimkumbusha mwenzake kuhusu blanketi.

Alhamisi nikaenda Spring Valley na mchoro wangu ndani ya faili mpya. Prof akauangalia muda mrefu. Akavaa miwani nyingine akauangalia tena. Akasema ni mchoro mzuri sana, nikavimba kichwa. Halafu akamimina chai.

"Majirani umewajulisha?"

"Nimekaribia kumaliza, Prof."

"Umekaribia wapi?"

Nikakubali kwamba sijaanza, nikaongeza kwamba orodha imesema hakuna kigeugeu mahali pale, na kwamba orodha ni ya kuaminika. Prof hakubisha. Alisema tu kwamba orodha inajibu swali uliloiuliza, halafu akanituma nikachapishe picha kumi: tano za siku ambazo nyota yangu iliwaka sana, tano za siku ambazo ilififia. Nililegea wiki nzima kabla ya kwenda, nikijisingizia mitihani ya wanafunzi.

Nilizichapisha kwenye duka moja la fotokopi katika mitaa ya chini ya jiji, la mwanamume wa rika langu ambaye amechapisha kadi za harusi na za mazishi za nusu ya Nairobi. Picha zetu hugeuzwa rangi ili anga iwe nyeupe na nyota ziwe nukta nyeusi, kwa hiyo kishada changu kilitoka kikiwa karatasi nyeupe iliyomwagiwa pilipili manga katikati. Yule mwenye duka akaitazama ya kwanza, akaikunja akaitupa. "Madam, pole," akasema, "mashine imeanza kutoa uchafu. Wacha niipanguse." Kabla sijamzuia alikuwa ameshafungua mtambo na kuingia humo na kitambaa hadi kiwikoni. Picha ya pili ikatoka vile vile, naye akahuzunika kweli kweli. Nilipomweleza kwamba kila doti ni nyota, aliichukua ile ya kwanza kutoka kwenye pipa, akainyoosha kwa kiganja, akauliza yangu ni ipi. Nikamwonyesha. Akasema mbona ina mwenzake.

Ningelisikia neno hilo ningelijiokoa na aibu ya wiki moja. Nilimwambia huko kila mtu ana mwenzake, nikabeba karatasi zangu nikaenda.

Jumatano, siku tatu kabla ya uji, nilikuwa mezani kwa Prof tena. Tulizipanga picha: tano za kung'aa upande wa kushoto, tano za kufifia upande wa kulia. Akanipa rula na penseli, akaniambia nitafute katikati ya nyota yangu kwenye kila picha, nikipima umbali kutoka nyota moja kubwa iliyokaa peke yake pembeni. Yeye akaenda kumwagilia maua.

Nilipima nikiwa nimenuna. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika upande wa kulia, namba zikawa hazilingani na za kushoto. Tofauti ilikuwa ndogo, unene wa ncha ya penseli, lakini ilikuwepo kwenye picha zote tano. Nikadhani rula imeteleza. Nikapima upya kumi zote, polepole safari hii, nikishikilia pumzi. Jibu lilikuwa lile lile. Nyota yangu ikififia, ilikuwa mahali pake. Ikiwaka, ilisogea kidogo kuelekea juu ya karatasi.

Prof aliporudi nilimwonyesha. Aliketi, akachukua chevda kidogo.

"Nyota hutembea?"

"Hapana, Prof."

"Sasa hii yako inaenda kwa nani?"

Nikafuata kwa penseli. Juu yake, karibu kiasi kwamba nukta zao ziligusana, palikuwa na nyota nyingine. Nikaitafuta kwenye orodha. Alikuwa kigeugeu, tena kigeugeu maarufu, aliyegunduliwa kabla mimi sijazaliwa, mwenye nambari yake na sifa zake zote. Muda wake wa kupanda na kushuka ulikuwa ule ule niliousherehekea bila viatu, haukutofautiana hata dakika. Orodha haikunidanganya. Niliuliza nani anaishi kwenye mlango huu, ikaniambia hakuna kigeugeu hapa. Alikuwa mlango wa pili. Kaduara kangu kalikuwa kapana, mwangaza wake ukaingia, nami nikauandika kwa jina la mwingine.

Nyota yangu haikuwa imefanya lolote. Ilikuwa imetulia pale siku zote jirani akiwaka na kufifia, na mimi nikaiandikia sifa za jirani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa meza ya kulia ya Spring Valley, saa tisa mchana, jua limejaa dirishani.

Prof hakunigombeza. Alicheka, kicheko cha mtu anayemwona mwenzake akiingia shimo alilowahi kuingia. Akanisimulia kwamba ujanani aliwahi kugundua nyota ambayo hakuna aliyewahi kuiona, akaandika barua ndefu kuihusu, halafu fundi wa darubini akaifuta kwa kitambaa. Alisema kazi yangu haijakufa. "Hii ni chapter nzuri sana," akaniambia. "Andika vile ulikosea, step by step. Watu watasoma hiyo kuliko ile ingine yote." Nikamshukuru, nikaosha vikombe vyake kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa na hasira. Niliikasirikia nyota. Nilijua ni upumbavu, lakini niliikasirikia vile vile.

Shahada sikuihofia. Michoro huchorwa upya, sura huandikwa upya. Jina la Mama ndilo lililonikaba. Nilikuwa nimechukua kitu ambacho alikuwa amekizika vizuri chini ya mizaha, nikakifukua, nikampa mkononi, na sasa ilinibidi nimpokonye mbele ya wanawake kumi na wawili na blanketi. Nilimpigia simu jioni hiyo nikamuuliza ng'ombe wanakula nini. Alhamisi nilimpigia nikamuuliza kama mvua imenyesha Waithaka, na mimi niko kwangu Hurlingham, mwendo mfupi kutoka kwake, nikiiangalia mvua ile ile dirishani. Ijumaa nilipiga nikauliza ng'ombe tena. Kila mara nilifungua mdomo nimwambie, na kila mara neno lilirudi tumboni. Mimi ninayejibu kabla ya kuulizwa, nilikosa sentensi moja.

Nilikusudia kufika Jumamosi mapema, nimwambie kabla ya wageni. Lakini wanawake wa kanisa hawajui kuchelewa. Nilipoegesha gari niliwasikia tayari wako uani, wimbo umefika ubeti wa tatu. Walikuwa wamevaa vitambaa vyao vya kichwa vya kikundi. Kwenye mkeka palikuwa na mifuko ya unga, sukari, mkungu wa ndizi na, ndiyo, blanketi, la manjano, limefungwa kwa utepe. Waliponiona wakaja kunikumbatia mmoja mmoja. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, akaniuliza mtoto yuko upande gani ili wajue kugeuka wakiomba. Nikaashiria kusini kwa mkono usio na hakika, na wote wakageuka kusini.

Mama alikuwa katikati yao. Sijui nimwelezeeje. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana haja ya kuinuka kwenda kuangalia chai. Nilihisi vibaya kuliko nilivyowahi kuhisi maishani, na nilitamani nigeuze gari.

Nikamwita nyuma ya jiko, karibu na zizi.

"Mum, kuna kitu sijakuambia."

"Najua," akasema. "Mtu hapigi simu siku tatu kuuliza ng'ombe imekula nini."

Nikamwambia yote. Nilimweleza juu ya kaduara, juu ya jirani, juu ya nyota mbili zilizogusana na rula iliyoniumbua. Nilimweleza haraka, nikiangalia nepia na si yeye. Akauliza kwa utulivu kama nina maana kwamba nyota yenyewe hakuna.

"Nyota iko," nikasema. "Ni vile haibadiliki. Iko tu vile iko. Yenye inabadilika ni ya jirani, na hiyo watu wengine waliipata kitambo."

"Haibadiliki hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na jina pia, Mum, nilikudanganya. Huwa hawaweki jina. Wanaandika nambari tu."

Mama akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

"Hata mimi kwa kitambulisho niko na nambari," akasema. "Na kwani nilikuambia nataka ya kubadilika-badilika? Niachie hiyo hiyo."

Nililia, na si kidogo. Mama hana subira na machozi ya watu wazima. Alinipa pindo la leso nijifute na kuniambia wageni wanangoja uji. Akatangulia kurudi uani. Nilipofika pembeni ya nyumba nilimkuta amesimama mbele yao, mwenyekiti akimuuliza kama kuna tatizo na mtoto.

"Mtoto ako sawa," Mama akasema. "Ametulia. Ni wa jirani ndiye anasumbua."

Wakapiga vigelegele vitatu, vya msichana; mvulana hupigiwa vitano. Tulikunywa uji hadi saa kumi. Blanketi lilibaki kwa Mama na halijatolewa utepe.

Niliandika ile sura ya kosa langu, hatua kwa hatua. Nilijifunza pia njia ile ya subira, ya kuwaondoa majirani mmoja mmoja, na ilinichukua miezi minane na matusi mengi ya kimyakimya. Njia hiyo ina hatari moja: huwezi kujua kwa macho kama umeutenganisha mwangaza vizuri au umebakiza kidogo. Unahitaji nyota ya kukukagua, nyota ambayo unajua kwa hakika imetulia, iliyokaa mlango kwa mlango na kigeugeu mkubwa. Sikuwa na haja ya kuitafuta. Kwenye tasnifu yangu imeandikwa kwa nambari, kama inavyotakiwa, na watahini walipita hapo bila kusimama. Kwenye kompyuta yangu ina jina la Mama, na kila furushi jipya la picha likiingia huwa naanza na yeye kabla ya nyota nyingine yoyote. Akiwa ametulia, naendelea na kazi. Akitikisika, najua kosa ni langu, na narudia kupima tangu mwanzo.